Rai Yangu, Uhai wa Jirani

Mabishano mengi ya barazani huishia kwenye sentensi moja: kila mtu na rai yake. Mzee mmoja huitamka, kahawa ikaongezwa vikombeni, na wabishi wawili waliokaribia kushikana mashati wakarudi kwenye bao lao. Ni sentensi ya kistaarabu. Watu wanaoishi mlango kwa mlango, wanaozikana na kukopeshana chumvi, hawawezi kumaliza kila ubishi kwa mshindi na mshindwa. Simba au Yanga, taarab ya zamani au ya sasa, pilau ya nani imeiva vizuri: kila mtu na rai yake, maisha yaendelee.

Sentensi hiyohiyo hutolewa pia pale mama mmoja anapotangaza kwamba hampeleki tena mwanawe kliniki kuchanjwa, na jirani yake akamjia juu. Hapo mambo ni mengine. Surua husafiri hewani. Mtoto mmoja mwenye surua akiwa karibu na watoto kumi wasio na kinga, tisa kati yao wanaweza kuipata. Nchini Tanzania chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi tisa. Mtoto wa miezi sita wa chumba cha pili hana rai yoyote juu ya chanjo, hata kusema hajajua, lakini rai ya mama wa chumba cha kwanza ikiwa na makosa, yeye ndiye atakayeilipia.

Je, haki yangu ya kuwa na rai hubaki vilevile gharama yake inapobebwa na mtu mwingine? Jibu langu ni kwamba haki ya kufikiri hubaki nzima. Haki ya kuaminiwa haibaki. Ya kwanza kila mtu huzaliwa nayo. Ya pili hutafutwa, na hutafutwa kwa kuiweka rai mahali inapoweza kushindwa. Nchi isiyotofautisha haki hizi mbili hujikuta inawanyang'anya raia ile ya kwanza na kuwagawia wakubwa ile ya pili bure.

Kabla ya kuuliza rai ipi ni sahihi, tuulize kwanza kila rai inajibu swali gani. Korona iliingia Tanzania katikati ya Machi 2020, na muda si mrefu ungeweza kusikia kwenye daladala au sokoni maneno haya: ugonjwa wenyewe ni mafua tu, nchi ikifungwa tutakufa njaa, halafu hao wazungu lini walitutakia mema? Yalitoka kwa pumzi moja, kana kwamba ni rai moja, na aliyepinga sehemu yoyote alihesabiwa amepinga yote. Ilhali ni majibu ya maswali matatu. La kwanza linahusu mambo yalivyo. La pili linahusu tufanye nini. La tatu linahusu tumwamini nani. Mtu aliweza kuwa amepotoka kabisa katika la kwanza, akawa na hoja nzito katika la pili, na katika la tatu akawa na historia upande wake. Ubishi wetu juu ya siasa na afya huharibika pale jibu la swali moja linapotumika kulipia jingine.

Tuanze na mambo yalivyo. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli zisizo za binadamu zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu. Papai likarudi na korona. Mbuzi naye akarudi na korona. Walimwengu walicheka, na Watanzania wengi walicheka pia, kila upande kwa sababu yake. Mimi naona jambo lenyewe linastahili kufikiriwa kabla ya kuchekwa. Kumpima mpimaji ni desturi ya sayansi yenyewe. Maabara inayojiheshimu huletewa mara kwa mara sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, ili ionekane kama vipimo na mikono ya wataalamu bado ni ya kuaminika. Kwa hiyo shaka ile, kama shaka, haikuwa na ubaya. Rais aliuliza swali ambalo mwanasayansi yeyote angeliuliza.

Ubaya uliingia baada ya swali. Papai likirudi na virusi, yapo maelezo kadhaa: huenda sampuli zilichafuliwa njiani au mezani, huenda kipimo kina kasoro, huenda mtu mmoja alizembea, huenda pana hila. Kila maelezo yana njia yake ya kuchunguzwa, kwa kurudia jaribio, kwa kutumia maabara nyingine, kwa kuita macho ya watu wasio na upande. John Nkengasong, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, alijibu kwamba vipimo walivyosambaza vilikuwa vimehakikiwa na vinafanya kazi. Hapo palikuwa na rai mbili zinazopingana juu ya jambo linalopimika, na dawa yake ilikuwa kupima tena hadharani. Badala yake takwimu zilisimama mwanzoni mwa mwezi huohuo, zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na namba hizo hazikusogea kwa zaidi ya mwaka. Tangu hapo rai ya serikali kwamba ugonjwa umekwisha haikuweza kukosea, maana kitu pekee ambacho kingeiumbua kilikuwa kimefungiwa kabatini.

Ukweli ukatafuta njia nyingine. Ulipita kwenye matangazo ya vifo, ambako maneno mapya yalizoeleka: changamoto ya upumuaji, nimonia kali. Waombolezaji walisoma, wakatazamana, wakaelewana. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa ameambukizwa korona, jambo ambalo kusema wazi wakati ule kulihitaji ujasiri. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari. Siku chache baadaye Rais mwenyewe aliwahimiza watu kuvaa barakoa, akisisitiza zinazotengenezwa nchini. Mtu havai barakoa kwa ugonjwa usiokuwepo.

Majumbani, wakati huo wote, watu hawakukaa wakisubiri. Sufuria ya maji yaliyochemka na majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na vipande vya limau ilitegwa chini, mgonjwa akaketi kwenye kigoda, akainama juu ya mvuke, na blanketi zito likamfunika kichwa na mabega mpaka jasho likamtiririka kidevuni. Nje ya blanketi palikuwa na dada au shangazi akiuliza, "Umeshatosheka, au niongeze maji?" Sioni la kubeza hapo. Mvuke hufungua pua, na kuhudumiwa na ndugu kuna nguvu yake. Lakini tazama jinsi rai inavyozaliwa ndani ya blanketi lile. Wengi walioambukizwa korona wangepona hata bila kujifukiza. Aliyejifukiza akapona anasimulia msibani, harusini na kwenye redio. Aliyejifukiza akafa hasimulii, na ndugu zake wanaambiwa alichelewa kuanza. Ushahidi wa upande mmoja unajikusanya wenyewe bila mtu yeyote kudanganya. Ndiyo sababu tunahitaji watu ambao kazi yao ni kuhesabu waliopona na waliokufa pamoja, waliojifukiza na wasiojifukiza, kwa sababu macho ya mtu mmoja, hata yawe na nia njema namna gani, huona waliobaki.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika makala juu ya maadili ya kuamini, akatoa mfano wa mwenye meli. Meli ilikuwa kuukuu, wasiwasi ulimjia, lakini akajituliza: imesafiri mara nyingi, imerudi salama, Mungu atawalinda abiria. Akaamini kwa moyo mweupe, meli ikazama na watu wake. Clifford alisema mtu huyo ana hatia kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama. Msomaji anayekumbuka MV Bukoba ilivyozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza kupita kiasi na mamia ya watu wakafa, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya mfano huo. Watu wengi huona hukumu ya Clifford ni kali mno, kwani nani ana muda wa kuchunguza kila anachokiamini? Kweli, juu ya mambo yangu binafsi naweza kuamini ninavyotaka. Ila mwenye meli hakuwa anaamini kwa niaba ya nafsi yake. Kadiri abiria wanavyoongezeka, ndivyo uhuru wa kujituliza unavyopungua.

Sasa tuje kwenye swali la pili, tufanye nini, ambapo mambo hugeuka. Hapa mtaalamu si mfalme, na raia asiyejua kusoma grafu ana kiti sawa na profesa. Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko anaweza kukadiria ni watu wangapi wataambukizwa shule zikibaki wazi. Hawezi, kwa elimu hiyo peke yake, kusema maambukizi hayo yana uzito gani mbele ya mwaka mzima wa mtoto wa darasa la tatu. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Nairobi, usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku tatu tu baada ya amri ya kutotoka nje usiku kuanza kutumika, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko. Amri iliyotolewa kwa jina la afya ilikuwa tayari na maiti yake. Hakuna hadubini inayoonyesha uzito wa jambo kama hilo. Unapimwa kwa dhamiri na kwa mazungumzo ya watu watakaobeba matokeo.

Kwa sababu hiyo naamini uamuzi wa Tanzania wa kutofunga masoko ulikuwa na hoja za kuutetea. Mama lishe wa Manzese hununua mchele wa leo kwa fedha ya jana. Ukimwambia akae ndani wiki tatu, unamwambia ale nini? Hoja hiyo ilitosha kusimama yenyewe. Serikali ingeweza kusema: ugonjwa upo, unaua, tutawahesabu wafu wetu kwa uwazi, na hata hivyo hatufungi masoko kwa sababu hizi na hizi, wazee wakae ndani, maji tiririka yawe kila mlango wa duka, barakoa zivaliwe kwenye daladala. Mwanzoni ilikaribia kusema hivyo. Kisha ikachagua kuutetea uamuzi wa busara kwa madai yasiyo na ushahidi juu ya mambo yalivyo, na kwa kufanya hivyo ikawanyima watu wenyewe nafasi ya kuamua, kwani huwezi kuchagua kati ya hatari mbili ukiwa umefichwa ukubwa wa mojawapo.

Swali la tatu, tumwamini nani, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo wasomi hulijibu kwa dharau. Husema watu wanaogopa chanjo kwa ujinga. Waulizeni watu wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto wa huko dawa yake iitwayo Trovan. Watoto 11 walioshiriki jaribio hilo walikufa, wazazi wakadai hawakuelezwa vya kutosha, kampuni ikakana makosa, na kesi zikaburuzwa miaka hadi mwaka 2009 ilipokubali suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo. Basi mwaka 2003 wachanjaji wa polio walipobisha hodi, na baadhi ya viongozi wa dini na siasa wakasema chanjo ina kitu cha kuua uzazi, uvumi ule uliangukia ardhi iliyokwisha kulimwa. Hata nasi tuliona daktari na mtafiti mmoja, Aprili 2020, wakijadiliana kwenye televisheni ya Ufaransa kama utafiti wa chanjo dhidi ya korona ungefaa kufanyiwa Afrika, ambako hakuna barakoa wala tiba. Mwaka uliofuata nchi tajiri zilijilimbikizia dozi wakati wauguzi wetu wakingoja. Asiyeamini ana kumbukumbu, na kumbukumbu si ujinga.

Ila kumbukumbu ya dhuluma ya jana haituambii kilichomo ndani ya chupa ya leo. Kano ilisitisha chanjo kwa karibu mwaka mzima, na virusi vya polio vilivyotoka kaskazini mwa Nigeria vikasambaa mpaka nchi ambazo zilikuwa zimeshavitokomeza, vikavuka bahari hadi Yemen na Indonesia. Watoto waliopooza hawakuwa wa Pfizer. Chanjo ilirudi mwaka 2004 baada ya viongozi wa Kano kukubali kutumia dozi zilizotoka Indonesia, nchi ya Waislamu waliyoiamini. Kutokuamini kwao kulitibika, na kulitibika kwa sababu walitaja sharti: tuleteeni kutoka kwa mtu tunayemwamini, nasi tutaipima na kuipokea. Rai yenye sharti inaweza kujadiliwa. Isiyo na sharti haina mlango.

Kutokuamini kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana: mtu aliyeacha kumwamini mmoja haachi kuamini, huhama. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni kwamba inatibu Ukimwi, kisukari, saratani na mengine. Mawaziri walikwenda, wasomi walikwenda, wagonjwa walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wapo walioacha dawa zao za Ukimwi wakiamini wamepona. Kwa nini aliaminiwa kuliko hospitali? Kwa sababu alikuwa mzee mnyenyekevu, hakuonekana kutafuta utajiri, na alimpokea waziri na mkulima kwa kikombe kilekile. Watu walipima moyo wake wakaona ni safi, wakahitimisha kwamba dawa yake inafanya kazi. Hilo ndilo kosa ambalo sote hulifanya. Moyo safi wa mtoa dawa hauongezi nguvu ya dawa, na tamaa ya kampuni haiondoi nguvu ya chanjo. Mtu mkweli anaweza kukosea akaua. Mchuuzi mwenye tamaa anaweza kuuza kitu kinachoponya. Nia humhusu mtu, na tiba hupimwa kwa wagonjwa.

Nchini Afrika Kusini maswali haya matatu yaligongana kwa gharama kubwa kuliko kwingineko. Rais Thabo Mbeki alikuwa msomi, msomaji mkubwa, mtu wa kujiuliza. Aliuliza kwa nini Afrika inakufa kwa Ukimwi namna ambayo Ulaya haifi, na akasema umaskini ni sehemu ya jibu. Alikuwa sahihi: ugonjwa humkuta maskini akiwa amekwisha kudhoofika. Alishuku kampuni za dawa, na bei ya dawa za Ukimwi wakati ule ilimpa sababu. Lakini kutoka kwenye hoja hizo mbili akavuka hadi ya tatu ambayo hazikuibeba: shaka kwamba virusi vya HIV ndivyo chanzo cha Ukimwi. Mwaka 2000 aliunda jopo la ushauri akawaketisha waliokana pamoja na waliothibitisha, kana kwamba uwiano wa viti ni uwiano wa ushahidi. Wanasayansi zaidi ya 5,000 wakatia saini Tamko la Durban kuthibitisha kwamba HIV ndiyo chanzo cha Ukimwi. Waziri wake wa afya akasifu vitunguu saumu, malimau na viazisukari vyekundu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliotolewa 2008 ulikadiria kwamba kuchelewesha dawa kati ya mwaka 2000 na 2005 kuligharimu zaidi ya maisha 330,000.

Walioibadili hali ile walikuwa raia wenye rai. Shirika la Treatment Action Campaign liliundwa na wanaharakati, wengi wao wakiishi na virusi, waliojifunza wenyewe jinsi dawa zinavyofanya kazi mpaka wakaweza kubishana na mawaziri kwa hoja. Walikwenda mahakamani, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru serikali iwape wajawazito dawa ya nevirapine ili wasiwaambukize watoto wao. Hapo rai ya mtu wa kawaida ilimshinda rais, kwa kuwa ilikubali kuulizwa maswali mahali ambapo ingeweza kushindwa. Ya rais ilikuwa na majarida, ufasaha na Ikulu, lakini ilikimbia mtihani.

Wapo watakaonijibu kwamba hao wataalamu nao ni vigeugeu. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wasio wagonjwa kuvaa barakoa mitaani; Juni likageuka likashauri barakoa za kitambaa pale watu wasipoweza kuachana nafasi. Kama wenyewe hawana uhakika, mimi nifuate nini? Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki Januari 2022, hapa anatusaidia. Alishikilia kwamba hakuna ukweli unaotufikia bila kupita kwenye mtazamo wa mtu. Tunachokiita kweli ni rai iliyofikiwa na binadamu kwa kuchunguza. Wengi walimshutumu kwamba amefanya kila rai kuwa sawa. Sivyo. Ikiwa kila ukweli tulionao ni rai ya mtu, basi tofauti yote imo katika namna rai hiyo ilivyofikiwa, na kama bado iko tayari kurudi kazini. Shirika lililobadili ushauri wake lilionyesha kwamba ushauri huo umefungwa na ushahidi, kwa hiyo ushahidi ukisogea nao husogea. Kigeugeu ni yule anayebadilika upepo wa siasa ukibadilika.

Je, rai potofu zinyamazishwe? Hapana, na sababu yangu ni ya kifalsafa na ya kihistoria pamoja. Anayenyamazisha huamini ameshamaliza kuchunguza, na hakuna serikali yoyote iliyowahi kumaliza. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kumbana yeyote anayetoa takwimu zinazopingana na zile rasmi; malalamiko yakawa mengi, Benki ya Dunia ikiwemo, na mwaka 2019 sheria ikalegezwa. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita kwa sababu ya picha ya zamani ya Rais akiwa katikati ya watu. Kisha upepo ukageuka. Julai 2021 Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani Ikulu, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, aliyepinga chanjo ile madhabahuni, kuitwa mbele ya kamati ya Bunge na kusimamishwa mikutano miwili. Naona askofu alikosea kwa kiasi kikubwa. Lakini aliyejifunza jambo kwa kuona mpinzani wa chanjo akiadhibiwa alijifunza tu nani ana nguvu mwaka huu. Hakujifunza chochote juu ya chanjo.

Ninachokubali ni kwamba rai hubadilika uzito kulingana na kiti cha msemaji. Mnywa kahawa wa Kariakoo akisema chanjo ni sumu, wasikilizaji wake ni wanne na watambishia papo hapo. Askofu akisema, hakuna wa kumbishia katikati ya ibada. Waziri akisema, waganga wakuu wa wilaya hubadilisha taarifa zao. Rais akisema, maabara hunyamaza. Kwa hiyo kudai kwamba kiongozi naye ana haki ya rai yake binafsi juu ya ugonjwa ni kusahau kwamba akiisha kuapishwa hana tena rai binafsi juu ya jambo hilo hadharani. Anachotamka ni sera, na sera hudaiwa ushahidi kabla ya kutamkwa.

Basi, ndugu msomaji, rai yako juu ya chanjo ya HPV kwa binti yako, juu ya kufunga shule mlipuko ukija, juu ya elimu ya uzazi kwa wanafunzi, ni yako na usikubali mtu akunyang'anye. Ila kabla ya kuitamka kikaoni au kuisambaza kwenye kundi la familia, jiulize mambo mawili na uyajibu kwa sauti: ni kitu gani kikitokea nitaiacha rai hii, na nikiwa nimekosea atalipa nani? Ukikuta kwamba hakuna kinachoweza kukubadilisha, na kwamba mlipaji ni mtoto wa jirani, una haki ya kuendelea kuamini, lakini usimdai jirani akuamini. Na maswali hayohayo tuwapelekee wanaotutawala, wa chama chochote. Tudai takwimu za wagonjwa na vifo zitolewe kwa ratiba inayojulikana, mlipuko ukiwepo au usiwepo, uchaguzi ukiwa karibu au mbali, na atakayezitilia shaka apewe nafasi ya kuzihesabu upya bila kuitwa msaliti.